Nani yuko nje ya duara? Historia fupi ya hesabu za seti

Leo tunaweka kando simu na programu mpya, tuongee hesabu. Usikimbie! Hesabu yenyewe unaijua tayari:

Katika darasa la wanafunzi 40, wanafunzi 25 wanapenda chai, 20 wanapenda kahawa, na 5 hawapendi chai wala kahawa. Je, ni wangapi wanaopenda vyote viwili?

Aliyefundishwa seti shuleni atachora mstatili, ndani yake maduara mawili yanayopishana, kisha ataanza kujaza. Walio ndani ya maduara ni 40 − 5, yaani 35. Lakini 25 + 20 ni 45. Hao 10 waliozidi wametoka wapi? Hawajatoka popote. Ni wale wanaopenda vyote viwili, nasi tumewahesabu mara mbili. Jibu ni 10.

Kanuni yake ni hii: ukitaka idadi ya muungano wa seti mbili, jumlisha seti zote mbili, kisha toa makutano yake. Kwa alama:

n(A ∪ B) = n(A) + n(B) − n(A ∩ B)

Wengi wetu tulijibu swali, tukapata alama zetu, tukafunga daftari. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na swali hili hunirudia mara kwa mara likiwa limevaa nguo nyingine. Nilipoanza kufuatilia lilikotoka, nilikuta historia ndefu yenye ubishi ndani yake. Nilikuta pia kwamba kuna sehemu ya mchoro ule ambayo tunaipuuza: nje ya maduara. Wale 5 wasiopenda chochote, mwalimu alitutajia bure. Katika maisha hakuna anayekutajia. Twende polepole.

MWAKA MMOJA, VITABU VIWILI

Mwaka 1847 vilichapishwa Uingereza vitabu viwili kuhusu mantiki. Kimoja kiliandikwa na Augustus De Morgan, aliyezaliwa Madurai, India, mwaka 1806 na ambaye wakati huo alikuwa profesa wa hisabati London. Kingine kiliandikwa na George Boole, mtoto wa fundi viatu wa mji wa Lincoln, ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu. Hisabati nyingi alijifundisha mwenyewe kwa vitabu. (Wale mnaojifunza kuprogramu wenyewe usiku kwa bando la kuunga-unga, mmepata babu yenu.)

Kabla yao mantiki ilitembea kwa maneno ya Aristotle: wote, baadhi, hakuna. De Morgan aliona maneno hayo hayatoshi. Alitoa mfano mwepesi: kama watu wengi wamevaa makoti, na wengi wamevaa vizibao, basi lazima wapo waliovaa vyote viwili. Aristotle hakuwa na nafasi ya neno “wengi”, ilhali kila mtu anaona hoja hiyo ni sahihi.

Tuitie namba. Nyumba ina watu 100. Wenye makoti ni 70, wenye vizibao ni 60. Jumla ni 130, lakini watu ni 100 tu. Basi angalau watu 30 wana vyote viwili, hata kama hujaingia nyumbani humo kuwatazama. Ni ile ile hesabu ya chai na kahawa, ila hapa hatujaambiwa walio nje ni wangapi, kwa hiyo jibu letu limekuwa “angalau 30” badala ya “30 kamili”. Kumbuka tofauti hiyo. Tutaihitaji baadaye.

De Morgan ndiye pia mwenye zile sheria ambazo kila mwandishi wa programu anazitumia hata kama hajui jina lake. Kusema “si kweli kwamba anapenda chai au kahawa” ni sawa na kusema “hapendi chai na pia hapendi kahawa”. Yaani kilicho nje ya muungano ni kile kilicho nje ya kila seti.

UBISHI WA BOOLE NA JEVONS

Boole alienda mbali zaidi. Alisema makundi ya vitu yanaweza kuandikwa kwa herufi na kufanyiwa hesabu kama aljebra. Kama x ni kundi la wanywaji chai na y ni wanywaji kahawa, basi xy ni wanaokunywa vyote. Na xx je? Wanywaji chai ambao ni wanywaji chai ni wale wale tu. Kwa hiyo xx = x. Katika namba za kawaida jambo hilo ni kweli kwa 0 na 1 peke yake, na hapo ndipo mantiki na hizo tarakimu mbili za kompyuta zilipoanza kujuana. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1854, akiwa profesa huko Cork, Ayalandi.

Lakini alama ya kujumlisha ilimsumbua. Kwa Boole, x + y ilikuwa na maana pale tu makundi mawili yasipokuwa na mtu hata mmoja wa pamoja. Watu wa Lincoln + watu wa Cork, sawa. Wanywaji chai + wanywaji kahawa, hapana, kwa sababu wapo wa pande zote mbili, na kuwaandika mara mbili hakuleti kundi linaloeleweka.

Kijana mmoja, William Stanley Jevons, aliona hilo ni kujifunga kamba bure. Yeye alisema x + x iwe x tu. Ukimtaja mtu mara mbili, bado ni mtu mmoja. Walibishana kwa barua miaka ya 1863 na 1864, na Boole hakukubali. Desemba 1864 Boole alifariki akiwa na miaka 49, baada ya kunyeshewa akienda kufundisha na kusimama darasani na nguo mbichi. Kitabu cha Jevons kilitoka mwaka huo huo, na kwa jambo hili ulimwengu ulimfuata Jevons.

Ubishi wa wazee wawili, utasema. Subiri kidogo nitakuonyesha ulivyo ndani ya kompyuta yako.

WAZEE WA CHELSEA

Kabla ya hapo tupate swali moja la kukuna kichwa. Charles Dodgson alikuwa mwalimu wa hisabati Oxford. Dunia inamjua kwa jina la Lewis Carroll, mwandishi wa hadithi za Alice. Katika kitabu chake cha mafumbo cha mwaka 1885 anauliza kuhusu askari wastaafu wa Chelsea waliojeruhiwa vitani. Asilimia 70 wamepoteza jicho, asilimia 75 sikio, asilimia 80 mkono, na asilimia 85 mguu. Je, ni asilimia ngapi, kwa uchache, waliopoteza vyote vinne?

Jaribu kabla hujaendelea.

Tayari? Chukua wazee 100. Majeraha yote ni 70 + 75 + 80 + 85 = 310. Yagawe kwa usawa kadiri inavyowezekana: kila mzee mpe matatu, umetumia 300. Yamebaki 10, na kila moja lazima liangukie kwa mzee ambaye tayari ana matatu. Kwa hiyo angalau asilimia 10 wamepoteza vyote vinne. Hakuna mchoro, hakuna kanuni ndefu, ni kugawa tu.

MADUARA YA VENN, NA UKUTA ULIOKOSEKANA

Maduara yenyewe ni ya zamani kuliko Venn. Leonhard Euler aliyatumia katika barua alizomwandikia binti mmoja wa ukoo wa kifalme wa Ujerumani miaka ya 1760. Ila Euler alichora hali kama ilivyo: kama A yote imo ndani ya B, alichora duara dogo ndani ya kubwa. Ulitakiwa kulijua jibu kabla ya kuchora.

John Venn wa Cambridge, katika makala yake ya mwaka 1880, aligeuza utaratibu. Chora kwanza kila uwezekano, kisha tia kivuli pale unapojua hapana mtu. Maduara mawili yanakupa sehemu 4 ukihesabu na nje. Matatu yanakupa 8. Kwa seti nne maduara hayatoshi, na Venn akatumia maumbo ya yai kupata zile 16. Hiyo ndiyo sababu mchoro wake unafaa kwa maswali ya shule: unaanza bila kujua, unajaza ulichopewa, na pengo linalobaki ndilo jibu. Zile alama ∪ na ∩ zilikuja baadaye kidogo, mwaka 1888, kwa mkono wa Mwitaliano Giuseppe Peano.

Sasa sikia hili. Dodgson, yule yule wa wazee wa Chelsea, hakuridhika na mchoro wa Venn. Katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1896 alisema walio nje ya maduara wameachwa nje bila mpaka, wakati walio ndani wamepewa vyumba vyao. Yeye akachora mraba kwanza, ili walio nje nao wawe na chumba. Ule mstatili tunaouchora kuzunguka maduara unafanya kazi hiyo hiyo: unakiri kwamba walio nje nao ni watu wa kuhesabiwa.

SETI ZILIVYOFIKA DARASANI KWETU

Oktoba 1957 Urusi ya wakati huo ilirusha Sputnik, Marekani ikashtuka, na mageuzi ya kufundisha hisabati yakapata msukumo na fedha. “Hisabati mpya” iliweka seti mbele kabisa. Kuanzia mwaka 1962 wanahisabati na walimu kutoka nchi mbalimbali za Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hisabati hiyo kwa ajili ya shule za Afrika. Vikaitwa kwa jina la mji huo, vikajaribiwa katika nchi kadhaa.

Malalamiko yakafuata, huko na huku. Wazazi walisema mtoto anajua muungano wa seti lakini hajui kurudisha chenji dukani. Kenya iliachana na hisabati mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini seti zenyewe hazikufutika. Kule Tanzania, kwa mfano, zimebaki katika hisabati ya sekondari kwa miaka mingi, pamoja na wanafunzi wake wapendao chai na kahawa.

SETI NDANI YA KOMPYUTA

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wa vita na baadaye mtafiti wa IBM huko California, alichapisha makala iliyobadilisha namna ya kutunza data. Wazo lake: jedwali la data ni seti, na maswali yote tunayouliza ni shughuli za seti. Kutokana na wazo hilo wenzake wa IBM walitengeneza lugha iliyokuja kuitwa SQL.

Ukiwa na orodha mbili za namba za simu, unaandika hivi:

SELECT simu FROM orodha_a
UNION
SELECT simu FROM orodha_b;

Utapata muungano, kila namba mara moja tu. Huyo ni Jevons. Ukiandika UNION ALL, hifadhidata inakupa orodha zote mbili na marudio yake, na kazi ya kujua nani amejirudia inabaki kwako. Makutano ni INTERSECT, na tofauti ni EXCEPT. Watumiaji wa MySQL walisubiri hayo mawili hadi toleo la 8.0.31 la mwaka 2022, nusu karne na zaidi baada ya Codd!

Hili lina uzito wake. Niliwahi kupewa kazi na shirika moja ambalo sitalitaja. Walikuwa na orodha mbili za familia wanazosaidia, kila ofisi na yake, na kila mwaka walijumlisha idadi mbili na kutangaza jumla. Muungano ulipofanyika, familia zilipungua sana. Hapakuwa na mwizi. Zilikuwepo tu familia zilizosajiliwa pande zote mbili, na hakuna aliyewahi kutoa makutano.

Lakini mkurugenzi wao aliniuliza swali moja ambalo bado ninalo: “Sawa, hawa ndio tulionao. Na ambao hawamo katika orodha yoyote ni wangapi?”

Nje ya duara. Hakuna amri ya SQL inayojibu hilo.

MAKUTANO YANAPOSEMA KUHUSU WALIO NJE

Lakini wapo waliolitafutia jibu, na walianza na samaki. Karibu mwaka 1896 mtaalamu wa Denmaki, C. G. Johannes Petersen, alikuwa akiwatia alama samaki wa Limfjord na kuwarudisha majini. Hesabu inayobeba jina lake inakwenda hivi. Tia alama samaki 100. Baadaye vua samaki 60. Kama kati yao 15 wana alama, basi robo ya uliowavua wana alama. Basi yamkini wenye alama ni robo ya samaki wote, na wote ni kama 400.

Ukitazama vizuri, ni seti mbili: waliovuliwa mara ya kwanza na waliovuliwa mara ya pili. Zidisha seti mbili, gawanya kwa makutano: 100 × 60 ÷ 15 = 400.

Mwaka 1949 C. Chandra Sekar na W. Edwards Deming walichapisha njia hiyo kwa binadamu. Walilinganisha orodha ya msajili wa vizazi na vifo na orodha iliyokusanywa nyumba kwa nyumba karibu na Calcutta, India, ili kukadiria wale ambao orodha zote mbili ziliwakosa.

Chukua mtaa. Orodha A ina watu 80, B ina 60. Kama makutano ni 40, muungano ni 100, na makadirio ya wote ni 80 × 60 ÷ 40 = 120. Walio nje ni kama 20. Sasa badilisha kitu kimoja tu: makutano yawe 12. Muungano ni 128, lakini makadirio ni 80 × 60 ÷ 12 = 400. Walio nje ni 272! Orodha zina urefu ule ule. Kilichobadilika ni kiasi zinavyopishana. Orodha mbili zikikutana mara nyingi, mji ni mdogo. Zisipokutana, kuna umati ambao haujaonwa.

Hesabu hii imetumika mahali pazito. Kati ya 1980 na 2000 Peru ilikuwa na vita kati ya serikali na waasi, hasa kundi la Shining Path. Tume ya ukweli ilitoa ripoti Agosti 2003. Majina ya waliouawa au kupotea yaliyoripotiwa kwa tume yalikuwa karibu 24,000. Wataalamu wakalinganisha orodha ya tume na za taasisi nyingine, wakatazama makutano, wakakadiria waliokufa kuwa 69,280, uwezekano ukiwa kati ya 61,007 na 77,552. Robo tatu ya waathiriwa walikuwa wasemaji wa Kiquechua na lugha nyingine za wenyeji, watu wa milimani ambao mji mkuu haukuwa na habari nao. Walikuwa nje ya maduara yote.

Je, namba hiyo ni ya mwisho? Hapana. Mwaka 2019 mchumi Silvio Rendón alichapisha hesabu yake kutoka data hizo, akapata takriban 48,000, na akapinga pia mgawanyo wa nani aliua wangapi. Mabishano yao ni ya kitaalamu, lakini mzizi wake unaujua sasa. Kanuni inadai orodha zisitegemeane, yaani kuwa katika moja kusikuongezee wala kukupunguzia nafasi ya kuwa katika nyingine. Katika vita hilo ni gumu. Anayeogopa kuzungumza na tume huogopa kuzungumza na kila mtu.

Na kuna kazi ambayo ni yetu kabisa, wana kompyuta: kujua kama majina mawili ni mtu mmoja. Muhamadi na Mohamed, ni mmoja au wawili? Programu ikiwa kali mno, itawatenganisha watu walio wamoja, makutano yatapungua, na makadirio yatavimba. Ikiwa legevu mno, itawaunganisha watu tofauti, makutano yatakua, na watu waliokufa kweli watafutika kwenye hesabu. Mstari mmoja wa kulinganisha majina unaweza kuongeza au kuondoa maelfu ya wafu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku nyingine ukipewa orodha mbili na kuulizwa jumla, toa makutano kama ulivyofundishwa. Kisha usiyatupe. Yaandike pembeni, uulize yanakuambia nini kuhusu wale ambao hakuna aliyewaandika.

Zoezi la kwenda nalo: orodha ya wachuuzi wa soko ina majina 90, orodha ya waliolipa ushuru ina 50, na waliomo kote ni 30. Wachuuzi wote ni kama wangapi? Na kwa nini soko ni mahali ambapo usiiamini namba hiyo haraka? Fikiria kidogo ni nani hukwepa orodha zote mbili. Tukutane makala ijayo.